Fundi wa Spika na Namba Ambazo Hakuziona

Siku tuliyomzika Fundi, kule kwao Ukambani, mjukuu wake alisoma karatasi ya maisha yake: alizaliwa wapi, baba yake alikuwa nani, alisoma shule gani, aliajiriwa lini. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikasikiliza hadi mwisho. Yote yalikuwa kweli, lakini mtu aliyesomwa pale sikumtambua. Niliyemjua mimi alikuwa na kibanda cha mabati mtaani Mbotela, alitengeneza spika, na hakupenda kelele. Huyo ndiye ninayetaka kumwandika. Mimi si mwandishi, nilifika darasa la nane tu, kwa hiyo mambo yatakuja jinsi ninavyoyakumbuka.

Nilifanya kazi naye miaka kumi na mmoja. Kabla ya hapo nilikuwa nikishona sare za shule nyumbani, na yeye alikuja mlangoni siku moja kuuliza kama ninaweza kubandika karatasi bila kuikunja. Nikamwambia naweza kushona kola bila kuikunja, karatasi itanishindaje. Akanipa koni ya spika iliyopasuka na chupa ya gundi, akaondoka bila kuaga. Kesho yake alirudi, akaipigapiga ile koni kwa ukucha, akasikiliza, akasema, "Njoo Jumatatu."

Kuna jambo moja lililomsumbua miaka yote hiyo, na afadhali nilitaje mapema. Kabla ya spika, Fundi alikuwa mfanyakazi wa maabara katika chuo kimoja hapa Nairobi. Huko, siku moja, aliandika namba ambazo hakuziona, akampa mwalimu kijana aliyemwamini. Alitaka kumwambia mwalimu huyo ukweli kabla yeye mwenyewe hajafa. Mengine yote aliyoyataka maishani yalikuwa madogo: chai yenye tangawizi nyingi, na watu wasiguse bisibisi zake.

Alikuwa na njia yake ya kusikia. Spika ikiletwa, hakuiwasha. Aliiweka mapajani kama mtu anayempakata mtoto, akaibonyeza koni kwa vidole viwili taratibu, juu chini, sikio limeinama. Kama koili, ule waya uliosukwa duara, inasugua ndani, alijua. Wateja hawakupenda hilo. Walitaka iwashwe, ipige, kibanda kitikisike. Yeye alisema spika inayopiga kelele inaficha ugonjwa wake.

Kanisani hakuingia ndani. Alikaa nje karibu na geti, kwenye benchi la walinzi, Biblia magotini, kila Jumapili. Mchungaji alimuuliza kama kuna mtu amemkosea. Fundi akasema, "Hapana. Zile spika nimezitengeneza mwenyewe. Najua zinavyouma."

Mtu akifikiri kwamba alikuwa mtu wa kujitenga atakuwa amekosea. Alipenda sana habari za mtaa. Nilikuwa nikifika asubuhi, kabla sijatundika koti, ananiuliza, "Na yule wa nyumba ya pembeni amerudiana na mumewe?" Nikimwambia sijui, alisikitika kweli, kama mtu aliyekosa gazeti. Nikijua, alitaka mpango mzima: nani alianza, nani alisikia, mlango ulifungwa kwa nguvu au polepole. Kisha hakumwambia mtu yeyote. Habari ziliingia kwake zikakaa.

Hakuweza kumwambia mteja "kesho" kama hakuwa na hakika ya kesho. Alisema, "Gundi inataka siku mbili. Baada ya siku mbili nitaisikiliza. Nikishaisikiliza nitakwambia." Wengi waliudhika wakapeleka spika zao kwa mafundi wa kule Eastleigh ambao walisema "saa moja tu, boss." Baadhi walirudi baada ya mwezi. Hakuwacheka. Lakini huyu mtu aliyekasirika ukimwambia "karibu saa tatu" badala ya kutaja dakika, yeye mwenyewe hakuwahi kufika mahali popote kwa wakati. Kwenye arusi ya binti yangu Nafula alifika watu wakiosha sufuria. Alikuja na zawadi, redio aliyoitengeneza mwenyewe, akakaa na waosha sufuria akala ukoko wa pilau akiwa ameridhika kabisa.

Na alidanganya. Nilimsikia mara nyingi akimwambia bintiye kwenye simu kwamba amekunywa dawa ya presha, na vidonge viko pale mezani havijaguswa. Siku moja nikamwambia, "Mzee, si wewe unayesema mtu asiandike asichokiona?"

"Hiyo si kipimo, Mama Nafula," akasema. "Hiyo ni amani ya nyumba." Kisha akachukua kidonge akakimeza mbele yangu, ili niache kumtazama.

Watu wa Mbotela walimjua zaidi kwa visahani vyake vitatu. Hivi vilikuwa sumaku za duara, za zile spika ndogo za redio, bapa kama vifuniko vya chupa ya jemu. Alizipaka rangi: upande wa kaskazini nyekundu, upande wa kusini nyeupe. Alizilaza juu ya ubao uliopigwa misumari midogo ili zisiruke, zikiwa zimekaribiana pembe tatu, kila moja ikigusana na nyingine mbili. Ukilaza mbili kando kwa kando, moja nyekundu juu na nyingine nyeupe juu, zinavutana kwa ubavu, zinatulia. Ukilaza zote mbili nyekundu juu, zinasukumana. Kwa hiyo kila sumaku inataka jirani yake awe kinyume chake. Hilo ni jambo rahisi hadi uwe na tatu.

Mteja akianza kumharakisha, Fundi alimsogezea ubao. "Zipange zote zitulie. Ukiweza, naanza na yako, hawa wengine watangoja."

Nakumbuka makanga mmoja, kondakta wa magari ya Jogoo Road, kijana wa maneno mengi, alileta wufa, spika kubwa ya besi, iliyoanguka. Akakaa na ule ubao akiwa na hakika.

"Hii nyekundu, hii nyeupe. Poa. Sasa hii ya tatu…" Akaiweka nyekundu. Ikaisukuma ya kwanza. Akaigeuza nyeupe. Ikaisukuma ya pili. "Ah. Ngoja." Akabadilisha ya kwanza. Akazunguka hivyo kwa muda, ulimi nje.

"Buda, hii ya tatu ni mbovu," akasema.

"Ichukue uifanye ya kwanza," Fundi akamwambia.

Akaifanya ya kwanza. Sasa iliyobaki ndiyo ikawa mbovu. Watu waliokuwa kwenye foleni wakaanza kucheka. Mama mmoja wa kwaya akamwambia, "Wewe si ndiye hutuambia gari halijai? Wapange basi."

"Hii kitu haiwezi, mzee. Unatuchenga."

"Haiwezi," Fundi akakubali. "Umeigeuza njia zote nane. Wengi huacha baada ya tano. Sasa kaa kwenye foleni."

Yule kijana alikaa, na tangu siku hiyo alikuwa akileta makanga wenzake ili waaibike.

Mchungaji naye alivipenda visahani, akataka kuvitumia kwenye mahubiri ya ndoa na wakwe. Alisema hapa kuna somo: mume, mke na mama mkwe. Fundi alimsikiliza, akafuta miwani yake, akasema, "Mchungaji, haya ni mawe. Mawe hayana dhambi." Hakupenda mtu ageuze sumaku kuwa watu. Alisema watu wanaweza kuhama.

Sasa nieleze jinsi nilivyolijua lile jambo lake, na hapo nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Spika ikianguka, ile sumaku kubwa ya nyuma huweza kuteleza kidogo kwenye bamba lake la chuma, na koili ikabanwa. Kuirudisha lazima ulainishe gundi kwa joto. Fundi alikuwa na sufuria ya mchanga. Aliiweka jikoni juu ya makaa yasiyo na hasira, akaiweka sumaku ndani ya mchanga, akangoja. Alidondosha tone la maji kwenye chuma na kusikiliza linavyolia. Gundi ikilainika aliisukuma sumaku mahali pake, akaiacha ipoe humo humo mchangani hadi siku ya pili. Hakuruhusu mtu aipepee. "Wacha ipoe yenyewe," ndivyo alivyosema, kwa spika, kwa chai, na kwa watu waliogombana.

Siku ya kosa langu Fundi alikuwa ameenda kliniki. Mwenye ile wufa, yuleyule makanga, alikuwa amesimama mlangoni akisema gari linamngoja. Nikaona mchanga unachelewa. Nikaitoa sumaku nikaiweka juu ya makaa yenyewe, nikachukua kipande cha katoni nikapepea. Haikuchukua muda. Gundi ikatoa moshi, chuma kikaanza kuwa na rangi ya kutu iliyokolea, nikaisukuma kwa koleo. Ikateleza bila ubishi wowote. Nikafurahi. Kisha nikaona imeteleza mno. Ilipopoa nikaweka bisibisi ubavuni mwake, bisibisi ikaanguka chini. Nikaiokota nikaweka tena. Ikaanguka tena. Sumaku ya uzito ule, iliyokuwa ikinibana vidole, ilikuwa jiwe.

Nilimwambia makanga arudi kesho, kwamba nimeiharibu. Alisema maneno ambayo sitayaandika. Fundi aliporudi nilimwambia kabla hajakaa. Niliogopa, maana kazi ile ndiyo iliyokuwa ikinilisha tangu mume wangu, mfanyakazi wa reli, afariki.

Hakukasirika. Alivuta kiti, akaniuliza maswali kama daktari. Makaa yalikuwa mekundu au meupe? Nilipepea muda gani? Chuma kilikuwa na rangi gani? Iliteleza ghafla au kidogo kidogo?

"Ghafla," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia habari nzuri. Akaniambia ndani ya sumaku mna chembe nyingi kupita hesabu, kila moja ni sumaku ndogo, na zote zimeelekea upande mmoja. Ukiipasha joto zinaanza kutikisika, lakini bado zinashikana. Unaongeza, zinatikisika zaidi. Halafu kuna mahali. Si kama chai inayopoa kidogo kidogo. Kuna mahali ambapo zote zinaachana, na ukipita hapo hata kwa hatua moja, huna sumaku. "Umepafikia leo," akasema. "Wengi wamesoma tu. Wewe umepaona kwa koleo."

Nikamuuliza kama atanifukuza. Akasema, "Kwa nini? Umeniambia kabla sijakaa." Kisha akatazama nje. "Mimi sikusema," akasema. Ndipo akanisimulia.

Nitaeleza kama nilivyoelewa. Yule mwalimu kijana, mwanamke, alikuwa akifanya utafiti wa shahada yake ya juu. Alikuwa ameoka kwenye tanuru kidonge cheusi, kidogo kama dawa ya maumivu. Kazi ya Fundi ilikuwa kukitia kwenye chupa yenye ile hewa iliyogeuzwa maji ya baridi kali, inayotoa moshi mweupe, kisha kukiacha kipate joto polepole huku akisoma mita mbili, moja ya joto na nyingine ya sumaku. Siku ya kwanza kidonge kilipoozwa peke yake. Siku ya pili kilipoozwa huku kuna sumaku nyingine karibu yake. Mengine yote yalikuwa vilevile. Siku ya pili mwalimu alikuwa akifundisha kutwa, akamwachia Fundi kazi yote.

Namba za siku ya pili zilikataa kufanana na za siku ya kwanza. Kwenye joto la juu zilikuwa sawa, lakini kule chini kwenye baridi ziliachana, njia mbili zikitoka mahali pamoja. Fundi aliziandika katika daftari lake kama alivyozisoma. Alipomaliza akaziangalia, na kijasho kikamtoka. Kitu kimoja, baridi moja, mita zilezile: kinawezaje kusoma namba mbili? Kwake yeye, fundi, jibu lilikuwa moja tu. Ameitikisa chupa, au waya wa kupima joto umelegea. Na ile hewa ya baridi ilikuwa imekwisha, hewa ambayo mwalimu aliingojea muhula mzima. Akaona aibu. Alipokuwa akinakili kwenye karatasi safi ya mwalimu, zile namba za chini hakuzinakili. Aliandika zinazofuata njia ya siku ya kwanza, akizichanganya kidogo ili zionekane zimesomwa.

Mwalimu alishukuru. Akamaliza shahada, akaenda ng'ambo.

Baada ya miaka miwili alikuja mgeni chuoni kutoa mhadhara, na Fundi alikuwa nyuma ya ukumbi akilinda birika la chai. Mgeni akaweka mezani visahani vitatu vya sumaku. Alisema kuna vitu ambavyo chembe zake zimepangwa pembe tatu tatu, na kila chembe inataka jirani awe kinyume chake, na haiwezekani. Vitu hivyo vikipoa havipati mpangilio mmoja wa kutulia. Vinaganda pale vilipokutwa, na jinsi ulivyovipooza ndivyo vitakavyosoma. Ukivipooza njia mbili, vitasoma namba mbili. Hilo si kosa la anayepima. Hiyo ndiyo tabia yake.

"Nilisimama pale na birika," Fundi akaniambia. "Nikajua waya haukulegea."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nilimuuliza kwa nini hakuandika barua. Akasema aliandika, mara nyingi, akazichoma. Mwanzoni aliogopa kufukuzwa. Alipostaafu, aliogopa kumharibia mwalimu shahada. Alipofungua kibanda, aliogopa kwamba mwalimu amekufa. Kila mwaka ulikuwa na hofu yake. Lile daftari la kweli aliliweka kwenye kopo la biskuti chini ya karatasi za koni, na kila Januari alilitoa akalifungua lipate hewa, lisiingie ukungu.

Baada ya siku hiyo aliniamini zaidi, na tulifanya kazi vizuri sana. Naweza kusema hiyo ilikuwa miaka yangu mizuri. Mchana tulikula maharagwe na chapati kutoka kwa mama wa pembeni, redio imezimwa. Akijaribu spika aliyoimaliza aliunganisha kipaza sauti, akaimba mstari mmoja wa wimbo wa kanisani wa Kikamba, kwa sauti mbaya kabisa, kisha akasema, "Kama inaweza kuvumilia hiyo, itavumilia kwaya." Alinifundisha kukata koni, kusuka koili, kusikiliza. Hakunisifu hata mara moja. Lakini mteja mgeni akija na kuuliza fundi ni nani, alimwelekeza kwangu kwa ncha ya kalamu, akaendelea na chai yake.

Mwalimu nilimpata mimi, bila kutafuta. Nilikuwa nimepeleka spika za kanisa moja la mtaa wa Lucky Summer, na Jumapili nikabaki kwenye ibada ili nisikie zinavyolia. Wakati wa matangazo walimkaribisha muumini mpya, mwalimu wa fizikia aliyestaafu, aliyerudi nchini baada ya miaka mingi. Wakataja jina. Nilikuwa nimelisoma jina hilo kwenye jalada la daftari kila Januari.

Nilifikiri Fundi atafurahi. Aliweka bisibisi chini, akasema, "Koti langu halijafuliwa."

Lilifuliwa. Kisha kukawa na mvua. Kisha akasema mguu unamuuma. Miezi minne ikapita hivyo, na kila Jumatatu nilimuuliza, na kila Jumatatu alikuwa na jambo. Mwishowe nikakasirika. Nikamwambia, "Mzee, usipoenda nitaenda mimi nimwambie."

"Ukimwambia wewe utakuwa umesema uliyosimuliwa," akajibu. "Yeye alishapewa namba ambazo mtu hakuziona." Akachukua tena bisibisi. "Jumamosi," akasema.

Alikuwa amekonda sana kufikia wakati huo. Presha ilikuwa imegusa figo, na daktari alikuwa ameacha kumgombeza, jambo ambalo sisi sote tulilielewa. Jumamosi hiyo alifika kibandani mapema kuliko mimi. Amevaa tai.

Mwalimu alikuwa na nyumba ndogo yenye baraza, na mimea kwenye makopo ya rangi. Mama mrefu, mvi, sauti ya taratibu. Alimtambua Fundi kabla hajasema jina lake. Akamshika mikono yote miwili, akamwita "mzee wangu wa maabara," akaleta chai na viazi vitamu. Nikaona Fundi anazidi kuteseka kwa kila kipande alichowekewa kwenye sahani.

Hakula. Alisema, akiwa bado ameshika kopo lake la biskuti, "Mwalimu, zile namba za siku ya pili niliziandika mimi. Sikuzisoma. Nilizosoma ni hizi." Akafungua kopo, akampa daftari.

Mwalimu alilipokea. Alivaa miwani, akafungua, akaanza kusoma ule ukurasa mstari kwa mstari, kidole kikishuka. Alipofika chini alirudi juu akaanza tena. Mimi niliangalia mimea.

"Niliandika kwamba hakuna tofauti," akasema mwishowe. "Nilisimama mbele ya watu huko ng'ambo nikasema hakuna tofauti. Walinionyesha vipimo vyao. Wakasema kwa upole kwamba huenda nilichanganya unga vibaya." Alivua miwani. "Nilikitupa kile kidonge. Miaka yote nimelaumu mikono yangu."

"Mikono yako ilikuwa sawa," Fundi akasema.

"Ungeniambia."

"Ndiyo."

"Hata baada ya mwaka. Hata baada ya kumi."

"Ndiyo, Mwalimu."

Hakujitetea. Alikuwa amenisimulia hofu zake zote kwa miaka, na pale hakutaja hata moja. Mwalimu aliinuka akaingia ndani, na tukamsikia akifungua bomba la maji, akalifunga. Tulikaa. Nilidhani ametufukuza kwa adabu. Fundi alikuwa amenyooka kwenye kiti, mikono magotini, na nikaona kitu ambacho sikutarajia: uso wake ulikuwa umetulia. Yule mama angeweza kurudi na fimbo, lililokuwa lake kulifanya alikuwa amelifanya.

Alirudi na kalamu na karatasi. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ya mwalimu. Alisema anataka kuliweka lile daftari pamoja na kazi yake ya zamani kwenye maktaba ya chuo, na barua ya maelezo, ili yeyote atakayesoma ajue kidonge kilikuwa kizuri na kilisomwa vizuri, mara moja, hapa Nairobi. Akamwomba Fundi aupitie ukurasa, athibitishe, atie sahihi.

Fundi alichukua kalamu. Alishuka mstari kwa mstari, midomo ikisogea, akiweka alama ndogo pembeni. Karibu na katikati ya ukurasa kalamu ikasimama.

"Huu hapana," akasema.

Mwalimu akainama. "Huo una nini?"

"Nilikuwa nimekula ugali. Nikasinzia. Nilipoamka joto lilikuwa limepita hapo, nikachukua iliyo juu na iliyo chini, nikaweka katikati."

Mwalimu aliutazama ule mstari. "Inaingia vizuri kabisa kwenye njia," akasema. "Ukweli hauwezi kuwa mbali na hapo."

"Inawezekana," Fundi akasema. "Lakini nilikuwa nimelala."

Mwalimu akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika ukuta, na Fundi akamtazama kwa wasiwasi, kisha naye akacheka kidogo, kwa pua, kama alivyokuwa akicheka watu wakishindwa mbele ya foleni. Akapiga mstari juu ya ile namba, mstari mmoja ulionyooka. Akaendelea kushuka hadi mwisho.

Walihesabu pamoja mistari iliyobaki. Ilikuwa arobaini na mmoja. Mwalimu akaiandika idadi hiyo chini ya ukurasa, Fundi akatia sahihi, kisha akavuta sahani karibu, akachukua kiazi, akauliza kama kuna tangawizi.